Nusu Saa ya Ziada Ngulia

Asubuhi ile tulivisha pete ndege wengi kuliko siku nyingine yoyote ya safari yetu, na mmoja akafa kwa uamuzi wangu. Nimekirudia kisa hiki kichwani dakika kwa dakika. Sasa nakiandika chote kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi hii, maana mafunzo mengi humweleza mtu namna ya kumnasa ndege, na machache humweleza ni wakati gani aache kunasa.

Mahali ni Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi, Kenya. Hoteli imejengwa ukingoni mwa mteremko mkali, na chini yake nyika imetanda hadi macho yachoke. Ilifunguliwa mwaka 1969 ikiwa na taa kali za kumulika bwawa la maji, ili wageni waone tembo na nyati usiku. Taa ziliwekwa kwa ajili ya wanyama, lakini zikaleta ndege. Katika usiku wa ukungu walishuka kutoka angani kwa mamia, wakazunguka mbele ya taa, wakatua vichakani na hata barazani. Wataalamu wakaja na neti ili wawanase na kuwavisha mguuni pete yenye namba, itakayosomwa ndege akipatikana kwingine, wakiongozwa kwa miaka mingi na Graeme Backhurst na David Pearson. Tangu hapo, karibu kila mwaka, Novemba na Desemba, watu hukusanyika pale wakati wa giza la mwezi. Waliovishwa pete Ngulia hadi leo ni mamia ya maelfu, na siku kubwa hupita ndege 1,000.

Ndege hawa ni wa vuli kwa maana zote mbili za neno. Ulaya na Asia magharibi, vuli ni majani kuanguka na wadudu kutoweka, kwa hiyo ndege wanaoishi kwa wadudu huondoka Agosti na Septemba. Kwetu vuli ni mvua. Katikati ya vuli yao na vuli yetu pana miezi miwili hivi, na wengi wao huipitisha Sudan na Ethiopia, ambako mvua za kiangazi cha kaskazini zimeacha majani na wadudu tele. Nchi ile ikianza kukauka, wanasogea kusini wakiifuata mvua, wanapita Kenya, wanaendelea hadi Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na Afrika Kusini. Husafiri usiku, kila mmoja kama yuko peke yake gizani ingawa ni maelfu.

Majina yao kwa Kiswahili yanatutaabisha. Wengi hawana jina ambalo mtu wa kawaida angelitaja, kwa sababu ni wadogo, wana rangi ya udongo, na hujificha vichakani. Nitawaita kwa maana ya majina yao ya kigeni. Anayenaswa kuliko wote ni mwimbaji wa kinamasi, Acrocephalus palustris, mwenye gramu 11 au 12 tu. Wanaomfuata ni koojeupe, Curruca communis, na Sprosser, Luscinia luscinia. Hilo la pili ni jina la Kijerumani ambalo pale Ngulia limekuwa la kila mtu. Halafu yuko mwimbaji wa mto, Locustella fluviatilis: mgongo wa rangi ya zeituni iliyofifia, michirizi hafifu kifuani, mkia mpana, na tabia ya kukimbia chini ya nyasi kama panya. Tabia hiyo ya kupita chini ikumbukwe, kwa sababu kisa kinaishia hapo.

Tulikuwa watu tisa. Wanne tulikuwa na kibali cha kuvisha pete, na watano walikuwa wanafunzi na watu wa kujitolea waliokwisha kufundishwa kunasua ndege kutoka kwenye neti. Kiongozi wetu alifanya kazi hii tangu ujana wake. Tulimwita Mzee, basi.

Hadi saa sita usiku anga lilikuwa safi, nyota zimejaa, na neti mbili zilizokuwa karibu na taa zilikuwa tupu. Ndivyo inavyokuwa. Ndege wanapita juu kwa juu, huwaoni wala huwasikii. Mhamaji wa usiku ana dira zaidi ya moja: huzisoma nyota, na huuhisi uga wa sumaku wa dunia. Akiwa na nyota zake, taa chache za hotelini hazimhusu.

Saa nane na nusu ukungu ulipanda kutoka bondeni. Haukuja kama wingu. Kwanza niliona mwanga wa taa ukipata umbo, ukawa kama hema jeupe lililosimikwa mbele ya baraza, na ndani ya hema lile vitu vidogo vyeupe vikaanza kuzunguka. Ndege aliyeingia humo amezipoteza nyota, na pande zote anaona weupe mtupu. Akielekea gizani, giza linamtisha arudi kwenye mwanga. Anazunguka mpaka achoke, ndipo anashuka. Kila nikiliona jambo hili napata furaha na huruma kwa pamoja, na miaka haijapunguza lolote kati ya hayo mawili.

Tulifanya kazi kwenye zile neti mbili hadi alfajiri. Ndege walionaswa usiku tuliwaweka katika mifuko ya kitambaa cha pamba, mmoja mmoja, na mifuko ikaning'inizwa kwenye kamba ndani ya chumba chenye giza. Hatukuwaachia usiku kwa sababu ndege aliyeachiwa karibu na taa huirudia taa ileile. Saa kumi na moja kasorobo Mzee alinipa jukumu la asubuhi: neti nane za vichakani, mistari miwili, chini ya hoteli. Mezani wangebaki watu watatu wa kuvisha pete na wawili wa kuandika. Mimi ningekuwa na wanafunzi watatu.

Kabla sijashuka nilikaa mezani robo saa kusaidia, nikashika mwimbaji wa kinamasi mmoja. Nieleze kidogo kinachofanyika, kwa sababu hesabu ya baadaye inategemea hapo. Unaingiza mkono mfukoni polepole, unamtoa ndege shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo umelala kiganjani. Unahisi moyo wake, ambao huwezi kuuhesabu kwa kasi yake. Pete ni ya aluminiamu, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu; ina namba, na ina anwani ya jumba la makumbusho la Nairobi. Unaifunga kwa koleo maalumu, kisha unaizungusha kwa ukucha kuhakikisha inateleza mguuni bila kukwama. Bawa linawekwa kwenye rula: milimita 70. Manyoya ya bawa yanaangaliwa kwenye mwanga. Ya ndege mzima yameparara na ncha zake zimeliwa, kwa sababu ameyavaa tangu mwanzoni mwa mwaka; ya kinda wa mwaka huo bado yana ukingo mzuri, na mara nyingi ulimini mwake utaona madoa mawili meusi. Unampulizia tumboni manyoya yafunuke, unaona ngozi nyembamba na chini yake shahamu ya manjano, imejaa kwenye kishimo cha shingo kama siagi kwenye kijiko. Hiyo ndiyo petroli yake. Mwisho mizani. Dakika mbili kwa mtu asiyeharakisha.

Ndege huyu huyu ana jambo ambalo nikilikumbuka huwa nashindwa kumwachia haraka. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha utafiti alioufanya Ubelgiji kuhusu nyimbo zake, akagundua kuwa dume huunga wimbo wake kwa kuiga ndege wengine: kwa wastani aina 76 kwa dume mmoja. Katika aina zote 212 alizozitambua, 113 zilikuwa za Afrika. Yaani kinda huyu aliye mkononi Novemba anasikiliza. Mwakani atasimama kwenye majani marefu ya kando ya mto Ulaya na kuimba sauti za nyika zetu.

Mfuko uliofuata ndio ulionivuruga. Nilitoa ndege mrefu kidogo, mdomo mrefu na mwembamba, tumbo jeupe kuliko kawaida, mgongo wa kijivu. Mzee alisogea, akatazama, akasema jina kwa sauti ya chini: Acrocephalus griseldis, mwimbaji wa Basra. Karibu wote duniani huzaliana katika mabwawa ya kusini mwa Iraki, pale mito ya Tigris na Euphrates inapokutana. Mabwawa yale yalikaushwa kwa makusudi katika miaka ya 1990, na baada ya 2003 sehemu yake ikarudishiwa maji. Ndege huyu yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Ngulia ni mahali adimu ambapo mtu anaweza kumshika wakati anapita. Nilimvisha pete, nikampima, nikamwandika. Nikashuka vichakani nikiwa na hamu moja tu: kumpata wa pili.

Naiweka hamu hiyo hapa mapema kwa sababu bila yake kisa hiki hakieleweki. Mtu akisoma daftari la siku ile ataona ukungu, manyunyu na idadi. Hataona kwamba msimamizi wa neti za vichakani alikuwa anatafuta ndege mmoja miongoni mwa mamia.

Tulifungua neti nane saa kumi na moja na nusu. Neti hizi ni za uzi mwembamba mweusi, zimesimamishwa kwa nguzo, na kamba za mlalo huzigawa matumbo: ndege akigonga, anaangukia kwenye tumbo la neti na kulala humo hadi anasuliwe. Kwa kawaida jua likichomoza pale Ngulia ukungu hupanda na kuachia, ndege wanatawanyika nyikani, na kazi inapungua yenyewe. Kawaida hiyo ndiyo niliyoitegemea.

Saa kumi na mbili na dakika kumi ukungu ulikuwa palepale, na manyunyu yakaanza. Kwenye kamba ya mezani kulikuwa na mifuko 150 yenye ndege. Namba hiyo naijua kwa sababu mwanafunzi aliyepeleka mifuko alirudi akaniambia, "Kaka, wamesema ni mia na hamsini, na mifuko mitupu imekwisha." Niliitika, nikamwambia aombe mifuko ya akiba.

Sasa tusimame hapo, kwa sababu uamuzi sahihi ulikuwa unaonekana wazi kuanzia dakika ile. Watu watatu mezani, dakika mbili kwa ndege, ni ndege 90 kwa saa. Mifuko 150 maana yake ndege wa mwisho atasubiri saa nzima na dakika arobaini hata kama neti zisingenasa mwingine hata mmoja. Na neti zilikuwa zinanasa. Kila ndege niliyemnasua alikuwa anakwenda kusimama mwisho wa foleni iliyokwisha kuwa ndefu kupita kiasi, huku anachoma ile shahamu ya manjano anayoihitaji kufika kusini. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la nne. Sikuifanya. Niliwaza mifuko, wala sikuwaza kilichomo.

Jambo la pili lilikuwa mvua. Ndege mkavu anaweza kukaa kwenye neti dakika ishirini na akaruka salama. Manyoya yakilowa hayashiki tena joto, na mwili wa gramu 17 hauna akiba ya kupambana na baridi. Kila mwongozo wa kazi hii unasema mvua ikianza, neti zifungwe. Mimi mwenyewe nimewafundisha wengine hivyo. Asubuhi ile nilijiambia haya si mvua, ni ukungu mzito tu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini Mzee alishuka hadi mwanzo wa mstari, kofia imelowa.

"Mwanangu, funga."

"Mzee, mzunguko mmoja tu. Ukungu bado uko chini, ndio kwanza wanashuka."

"Una mikono mingapi huku?"

"Tuko wanne, Mzee."

Aliitazama neti iliyokuwa karibu, akanitazama mimi. "Mstari huu nimekukabidhi wewe," akasema, akapanda kurudi mezani.

Baadhi ya wenzangu wamewahi kuniambia kwamba angepaswa kuamuru tu. Sikubali. Alikuwa amenipa kazi, na mtu aliyepewa kazi hapaswi kungoja aburutwe. Na swali lake lilikuwa na jibu ndani yake. Aliuliza mikono, na mimi nikamjibu kuhusu watu bila kusikia alichouliza. Kipimo cha kufungua neti ni idadi ya mikono iliyopo kati ya neti na meza, na ndege waliopo angani hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Mzunguko "mmoja" ulichukua nusu saa. Ndivyo mzunguko unavyokuwa neti zikijaa: ukifika mwisho wa mstari, mwanzo umejaa tena. Mwanafunzi mmoja alikuwa na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na ndege aliyepaswa kumnasua kwa nusu dakika alimchukua dakika tatu. Nilimwona, nikamwambia apashe mikono, nikaendelea.

Neti ya tano ilikuwa na ndege kumi na wanne kwenye matumbo ya juu. Nilianzia juu kwa sababu ndiko walikokuwa wengi, na jicho huvutwa na wingi. Lakini neti iliyobeba uzito na kamba zilizolowa hulegea. Tumbo la chini kabisa lilikuwa limeshuka hadi likagusa nyasi, na nyasi zilikuwa zinachuruzika maji. Sikuinama. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi, apite mstari mzima kwanza akiangalia chini kabla hajagusa ndege yeyote, niliiruka.

Nilipoinama, saa moja kasorobo, nilimwona mwimbaji wa mto amelala kifudifudi ndani ya mkunjo wa neti. Manyoya yalikuwa yamegandamana vishungivishungi na katikati yake ngozi ya waridi inaonekana. Uzi ulikuwa umepita mara mbili chini ya kwapa la bawa la kushoto, ishara kwamba alijitahidi sana kisha akaacha. Jicho moja lilikuwa nusu limefumba. Nilimnasua kwa chini ya dakika, nikamtia ndani ya shati kifuani, nikapiga kelele neti zote zifungwe. Saa moja kasoro dakika kumi zilikuwa zimefungwa.

Mezani palikuwa na sanduku lenye chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, kwa ajili ya mambo kama haya. Tuliwaweka humo wanne waliolowa. Watatu walikauka, wakasimama, wakaanza kurukaruka sandukuni, na kabla ya saa tatu walikuwa wameruka zao. Yule wa neti ya tano alikufa saa moja na robo. Nilikuwa nimemshika.

Wakati huo kamba ya mifuko ilifika ndege 220. Mzee alibadili kazi kwa sentensi moja: pete, aina, umri, mwachie. Rula na mizani zikawekwa kando. Mimi nikakaa mezani tukawa wanne, wanafunzi wakawa wanaleta mifuko na kuandika. Ndege mmoja sasa alichukua dakika moja, na mfuko wa mwisho ulifunguliwa saa mbili kasoro dakika kumi. Ukungu uliachia saa mbili na nusu. Kwa dakika arobaini nzima ndege waliendelea kushuka na kupita mbele ya neti zilizokunjwa, na sisi tumesimama na vikombe vya chai tukiwatazama. Hakuna lililoharibika.

Hapa ndipo penye hoja ambayo wenzangu wengi hawaipendi. Wanasema usiku kama ule huja mara chache, na kufunga neti ni kutupa taarifa. Taarifa gani? Idadi ya ndege wanaonaswa Ngulia hupanda na kushuka na ukungu. Usiku wa nyota, maelfu wanaweza kupita na neti zikabaki tupu. Usiku wa ukungu, wachache wanaopita hushuka wote. Hivyo namba kubwa ya siku moja inanieleza zaidi kuhusu hali ya hewa kuliko kuhusu ndege. Chenye thamani ya kudumu ni kile unachokipata kwa ndege mmoja mmoja: uwiano wa makinda na wazima, unaoonyesha msimu wa kuzaliana ulikwendaje huko kaskazini, uzito na shahamu, vinavyoonyesha nchi alikotoka ilimlishaje, na pete, ambayo siku moja inaweza kusomwa Mashariki ya Kati au Ulaya, kama zilivyokwisha kusomwa baadhi ya pete za Ngulia. Pete zinazorudi na habari ni chache mno kwa kila maelfu. Na hairudi hata moja iliyovishwa ndege aliyekosa nguvu za kumaliza safari kwa sababu alining'inia mfukoni saa mbili.

Kwa hiyo wale ndege 130 hivi niliowaongeza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, niliwalipia kwa bei mbaya: walituondolea vipimo vya ndege 220. Kama ningefunga mapema, wale 150 wangepimwa wote kikamilifu. Nilipoteza taarifa kwa kutaka taarifa. Na mwimbaji wa pili wa Basra hakuwemo.

Kuna mtu atakayesema ndege mmoja kati ya mamia ni sehemu ndogo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2012, uliopitia zaidi ya mara 620,000 za kunasa ndege katika mashirika 22 ya Marekani na Kanada, ulikuta walioumia ni asilimia 0.59 na waliokufa asilimia 0.23. Siku yetu haikuvuka kiwango hicho kwa vifo, na ningeweza kujificha nyuma yake. Lakini asilimia ile imechanganya vifo vya kila namna, pamoja na vile ambavyo hakuna mkono ungeweza kuvizuia. Hiki changu kilizuilika mara tatu: saa kumi na mbili na dakika kumi kwa hesabu, dakika ishirini kwa kumsikiliza Mzee, na kwenye neti ya tano kwa kuinama.

Limebaki suala la taa, ambalo ni kubwa kuliko neti zetu. New York, kila Septemba 11, huwashwa miali miwili ya taa kuelekea angani kwa kumbukumbu ya waliokufa mwaka 2001. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika usiku saba wa miaka saba, miali ile iliathiri ndege wapatao milioni 1.1. Ulionyesha pia kwamba taa zikizimwa, ndege walionaswa na mwanga hutawanyika ndani ya dakika chache na kuendelea na safari, na ndiyo sababu siku hizi miali huzimwa kwa dakika ishirini hivi ndege wakizidi. Naamini jambo hili lingefaa popote penye taa kali juu ya kilima kwenye njia ya wahamaji. Sisi wavisha pete tunafaidika na taa, kwa hiyo ni wajibu wetu kuwa wa kwanza kusema kwamba usiku wa ukungu ambao hakuna mtu wa kuwashughulikia ndege, mwanga upunguzwe. Nimeanza kulisema mezani kila msimu. Mjadala bado ni mkali.

Kwenye mistari ya neti tumebadili mambo machache. Mtu wa mezani anapeleka idadi ya mifuko vichakani kila robo saa, na ikifika 60, nusu ya neti zinafungwa bila mtu kuulizwa. Ikifika 100 zinafungwa zote. Tumbo la chini linafungwa juu ya urefu wa goti. Mtu wa kwanza kupita mstari hanasui, anaangalia chini tu. Msimamizi wa mstari haruhusiwi kuwa ndiye aliyemshika ndege adimu wa usiku ule. Kanuni hii ya mwisho iliwachekesha vijana mpaka nilipowasimulia kwa nini ipo.

Ndege wanaokufa kazini hawatupwi. Hupelekwa kwenye makumbusho Nairobi, hutengenezwa ngozi, hulazwa kwenye droo pamoja na wenzao wa miaka iliyopita. Wa kwetu alifungwa kwenye karatasi, akafungiwa lebo mguuni, mahali ambapo pete ingekaa. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika aliandika aina, tarehe, mahali, gramu 17, kinda wa mwaka huo, akasita kwenye mstari wa sababu ya kifo. Nilimwomba kalamu. Niliandika kwamba alilowa akiwa kwenye neti, saa moja kasorobo asubuhi, neti zikiwa wazi dakika ishirini na tano baada ya kuambiwa zifungwe, kisha nikaweka jina langu.